Nilimpandisha Mamangu Meli ya Mto Douro, Ureno

Nimezikalia hizi noti kwenye simu tangu turudi, pamoja na picha chungu nzima ambazo nusu yake Mama amefumba macho, wacha nizipange sasa kabla sijasahau bei za vitu. Wengi mlioona status mliniuliza maswali yale yale: hapo ni wapi, mlilipa ngapi, na mama wa Kibokoni, Mombasa, ana shughuli gani kwenye mto ambao kila kilima kimepandwa zabibu za mvinyo. Ni Ureno, mto unaitwa Douro, ilikua mwisho wa Oktoba, na wazo lilikua lake yeye, sio langu. Alikua amekuja Bremen, Ujerumani, kunitembelea, viza yake ya Schengen bado ina wiki kadhaa, siku moja nakata vitunguu akaniambia, "Mwanangu, mimi nimezaliwa na nimezeekea chini ya Ngome, kila asubuhi nikifungua dirisha naona ukuta wa Mreno. Nataka nikaone kwao kukoje, mpaka wakapata nguvu ya kuja kutujengea jumba la mawe mlangoni."

Ngome anayoisema ni Fort Jesus, iliyojengwa 1593 mpaka 1596, na Waomani waliichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Hio hadithi mtoto yeyote wa Mji wa Kale anaijua, sina haja ya kuirudia.

Shida ilikua magoti. Mama ana miaka sabini na moja na Porto ni mji wa vilima na ngazi, ukitaka kwenda dukani unashuka, ukirudi unapanda. Ndo nikafikiria meli ya mtoni: unalala kitanda kile kile, sanduku unafungua mara moja, na nchi ndio inapita mbele yako wewe umekaa. Nilipata kabini ya deki ya chini kabisa, dirisha dogo lisilofunguka, yuro 1,150 kila mtu, chakula ndani, na bei ilikua hio kwa sababu msimu ulikua unaisha. Meli hizi hufanya kazi kuanzia kama Machi mpaka Novemba, na Septemba wakati wa kuvuna zabibu bei inapaa sana. Mkiwa na mtu mzima msidanganywe na kabini za juu zenye roshani, mchana wote mtakua sebuleni au kwenye deki, kabini ni ya kulala tu.

Ijumaa: Bremen mpaka Porto

Treni mpaka Hamburg, alafu ndege. Ndege ikachelewa saa mbili na ushee bila maelezo ya maana, tukakaa sakafuni karibu na soketi ya kuchajia simu. Ikichelewa saa tatu na zaidi kufika sheria ya Ulaya inakupa haki ya fidia, kwa masafa kama haya ni yuro 400 kila mtu kama kosa ni la shirika, lakini saa mbili hupati kitu.

Kitu kimoja kiliniokoa: nilikua nimeomba msaada wa kiti cha magurudumu. Ni bure kwenye viwanja vyote vya Ulaya, wanataka uwaambie saa 48 kabla. Mama alikataa mwanzo, "Mimi si mgonjwa," lakini alipoona foleni ya usalama ilivyozunguka kama nyoka akakaa kimya kimya, akapitishwa mbele, na mimi nyuma yake na mikoba. Kijana aliyekua anamsukuma kule Porto alikataa bakshishi kabisa, akaweka mkono kifuani akaondoka.

Kutoka uwanjani kuna metro mpaka katikati ya mji, na kadi na safari haikufika yuro tatu kila mtu. Chumba tulichochukua usiku huo kilikua yuro 78, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Picha za tangazo zilionyesha dirisha na maua, ngazi hazikuonyeshwa. Kwa hivo ukiweka nafasi na mzee uliza kwa maandishi kama kuna lifti.

Jumamosi: Porto, na kupanda meli

Asubuhi tulichukua Bolt, ndio hio hio ya Mombasa, yuro sita, mpaka stesheni ya São Bento. Wengine wanaenda stesheni kupanda treni, sisi tulienda kuangalia kuta. Ukumbi mzima umefunikwa vigae vya buluu na nyeupe, kama elfu ishirini, vilichorwa na msanii anaitwa Jorge Colaço mwanzoni mwa karne iliyopita. Mama alisimama mbele ya mchoro mmoja mkubwa muda mrefu, fimbo mkononi. Ni picha ya kutekwa Ceuta, mji uliokua wa Waislamu kwenye pwani ya Moroko, mwaka 1415, na yule Henrique, mwana wa mfalme wao, aliyezaliwa hapa Porto, amesimama kama bwana harusi, na walioshindwa wako chini miguuni. Kutoka hapo ndo walianza kushuka pwani ya Afrika kidogo kidogo, mpaka 1498 Vasco da Gama akatia nanga kwetu. Mama akasema, "Basi ilianzia hapa." Alafu akaniuliza choo kiko wapi.

Karibu na stesheni kuna maduka na mikahawa ya Wabangladeshi, tukapata biriani halali kwa yuro tisa sahani, kubwa mpaka tukafungiwa iliyobaki. Ushauri kwa wasiokula nguruwe: ile sandwichi maarufu ya Porto, francesinha, isahau, ndani ni ham na soseji na juu inamwagiwa mchuzi wa bia. Na ile supu ya kijani ya sukuma wiki, caldo verde, inaonekana haina neno lakini huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe. Hili nalisema kwa sababu lilitukuta usiku ule ule.

Meli inafunga ng'ambo, upande wa Gaia, chini ya daraja la chuma la Dom Luís la mwaka 1886, lile lenye barabara mbili, chini magari na juu metro. Tulipanda saa kumi jioni. Abiria karibu wote walikua wastaafu wa Kifaransa na Kijerumani, Mama akanong'ona, "Hapa mimi ndio kijana." Mimi nilikua mtoto kabisa.

Sasa chakula cha jioni. Fomu ya chakula nilijaza mapema sana, hakuna nyama, samaki tu na mboga, hakuna pombe ndani ya chakula. Supu ikaja na kile kipande cha soseji kinaelea. Nikamwita mhudumu, akaomba radhi, akakitoa na kijiko, ati sasa iko sawa! Nikamwambia hapana. Zogo kidogo, msimamizi akaja, karatasi zikatafutwa, fomu yangu haionekani. Wakati tunangoja mlango wa jikoni ukafunguka akatoka kijana mweusi mrefu na aproni imelowa, akatuangalia, akasema "Assalamu alaykum." Ni wa Guinea-Bissau, anaosha vyombo kule ndani, amesikia kuna Waislamu wanalalamika. Hatukua na lugha moja, Kireno sijui, Kijerumani hajui, lakini aliongea na mpishi, na kuanzia usiku huo mpaka tuliposhuka chakula chetu kilipikwa kwa sufuria yake pekee na yeye ndio aliiosha. Kila siku alikua anachungulia mara moja kuona sahani zetu. Mama akamtia kwenye dua kila baada ya swala, kwa jina.

Jumapili: Porto mpaka Régua

Usiku saa zilirudishwa nyuma, Ulaya hufanya hivo Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ukisafiri wakati huo kumbuka magharibi inaingia ghafla mapema, kama saa kumi na moja na nusu jua limezama.

Kibla ilitupa raha ya ajabu. Douro unatoka Uhispania unaelekea baharini magharibi, kwa hivo meli ikipanda mto inaelekea mashariki, na kutoka Ureno kibla ni mashariki ukivuta kusini kidogo. Yaani wakati wa kwenda, mbele ya meli ndio kibla, wakati wa kurudi ni nyuma. Mama alifurahi mpaka mto ulipoanza kupinda, akashika simu yangu yenye dira akawa anageuka na msala kila kona, mwisho akasema tungoje meli ifungwe. Na hufungwa mapema, manake meli za watalii hazitembei usiku kwenye mto huu. Kwa swala na usingizi ni neema.

Asubuhi tulipita bwawa la kwanza, Crestuma, alafu tukafika sehemu inaitwa Entre-os-Rios. Pale kuna sanamu ya malaika kando ya mto. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001 daraja la zamani lilianguka, basi na magari yakaingia mtoni, watu 59 wakafa, wengi walikua wametoka matembezi ya kuangalia milozi ikichanua maua. Mchanga ulichimbwa mtoni miaka na miaka mpaka nguzo ikabaki bila kitu cha kuishikilia, na mafuriko yakamalizia. Muongozaji alisema haya kwa Kifaransa na Kijerumani, watu wakapiga picha wakaendelea na kahawa. Mama alipotafsiriwa aliinua mikono akasoma Fatiha. Ukiwa mtu wa Mombasa huwezi kusikia habari kama hio usikumbuke Mtongwe, feri ya Aprili 1994, watu 272. Katika mtaa wetu matanga yalikua nyumba kwa nyumba. Hatukuongea mpaka bwawa lililofuata.

Na hilo bwawa lililofuata ndio watu huja kuliona. Carrapatelo. Kuelewa: zamani mto huu ulikua mkali, maporomoko na mawe, mapipa ya mvinyo yalishushwa kwa mashua za mbao bapa zenye kasia refu nyuma, rabelo, na mabaharia walikua wanakufa kila mwaka. Kati ya miaka ya sitini na themanini wakajenga mabwawa matano kwenye kipande hiki cha mto, mto ukawa kama ngazi tano za maji matulivu, na kila bwawa lina chumba cha saruji cha kupandishia meli. Meli inaingia ndani, kuta pande zote mbili ukinyoosha mkono unazigusa (msinyooshe, walitukataza), mlango wa chuma unashuka nyuma, maji yanaingia kwa chini na meli inapanda taratibu. Carrapatelo inakuinua mita 35. Thelathini na tano! Unaingia kwenye shimo lenye giza na baridi, ukuta unatiririka maji na kijani ya ukoga, unaangalia juu unaona kipande cha mbingu, na dakika kama ishirini baadaye umetoka juani na milima imekuzunguka. Mama alishika mkono wangu njia nzima, akimaliza akauliza kama kuna ingine.

Ziko ingine. Mbele ya madaraja ya chini pia wanalaza vyuma vya deki, na chumba cha nahodha kinashushwa, watu wote wanaambiwa wakae. Mzee mmoja Mjerumani alisimama apige selfi, nahodha akapiga honi mpaka akakaa kama mtoto wa madrasa.

Jumatatu: Régua, ukungu, na ngazi za Lamego

Kulipokucha dirishani hakuna kitu, nyeupe tupu. Ukungu ulikua umelala juu ya mto na meli haikuruhusiwa kusogea. Ratiba ikapinduliwa, tukapakiwa basi kwenda Lamego kwanza.

Lamego kuna kanisa juu ya kilima na ngazi 686 za kuteremkia mjini, zimepambwa vigae na sanamu kila kituo. Mahujaji wengine hupanda kwa magoti. Basi linakupeleka juu kabisa, anayetaka anashuka kwa miguu, asiyeweza anarudi na basi. Mama alishuka kituo kimoja, akakaa kwenye benchi la mawe akala clementine, akarudi. Mimi nilishuka zote na mapaja yalitetemeka siku mbili. Chini kuna mkate wao wa Lamego unaouzwa kila duka, una ham ndani, ulizeni wa sardini au samaki, upo, tulinunua kipande yuro mbili na nusu.

Mchana ukungu ukafunguka, lakini ilikua imechelewa, tukabaki hapo hapo Régua. Wafaransa walinung'unika sana. Sisi tulitembea kando ya mto, nikanunua kahawa ya yuro moja, Mama akafunua mkoba wake akatoa kile nilichodhani nimemshawishi aache Bremen: chupa ya achari ya maembe, imefungwa na mifuko mitatu na mpira wa nywele. Kutoka usiku ule achari ilikua mezani. Samaki wa meli alikua mzuri, hasa bacalhau, ambaye ni samaki wa baharini (cod) aliyekaushwa kwa chumvi, Mama alimuonja akasema hii ni ng'onda tu wameipa heshima, lakini Wareno hawatii pilipili ya maana na hawatii ndimu ya kutosha. Mhudumu wetu akaomba aonje achari. Machozi yakamtoka, akaomba tena.

Jumanne: Régua mpaka Barca d'Alva

Hii ndio siku ya kulipia. Kama mna pesa ya siku moja tu chukueni kipande hiki. Baada ya Régua milima inabana na yote, kutoka majini mpaka juu, imechongwa matuta ya mawe, mizabibu mstari kwa mstari, na mwisho wa Oktoba majani yamegeuka mekundu na ya dhahabu. Eneo hili liliwekewa mipaka ya kisheria ya mvinyo mwaka 1756 na yule waziri Pombal, na UNESCO waliliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001. Ukuta baada ya ukuta, yote kwa mikono, mwamba wenyewe umevunjwa ndio udongo upatikane. Mama alikaa deki amejifunika leso mbili juu ya koti akawa anahesabu matuta, akafika mahali akaacha. "Hawa watu," akasema, "kazi wanajua." Kutoka kwake hilo ni jambo kubwa.

Kabla ya bwawa la Valeira kuna korongo jembamba, Cachão da Valeira. Mpaka karne ya 18 mwamba uliziba hapa na mashua hazipiti, ukalipuliwa kwa baruti miaka kadhaa, na maandishi ya malkia wao yamechongwa ukutani mpaka leo. Mwaka 1861 mashua ilipinduka hapa, mfanyabiashara Muingereza aliyeitwa Baron Forrester, aliyechora ramani ya mto huu huu, akazama. Inasimuliwa alikua amefunga mkanda uliojaa sarafu. Kwenye mashua hio hio alikuepo Dona Antónia Ferreira, mwanamke tajiri mwenye mashamba, yeye akaelea, ati gauni lake lenye malinda ya miaka ile lilijaa hewa likambeba. Mama akaangalia buibui lake, akaangalia maji. "Na hili litaelea?" Nikamwambia tusijaribu.

Kutoka Pocinho treni hakuna tena, reli ya mbele ilifungwa miaka ya themanini, unaona madaraja ya chuma yamekaa bure na vituo vimebomoka paa. Intaneti nayo inakufa kabisa kwenye makorongo, wifi ya meli ni jina tu. Tulifika Barca d'Alva jioni, kijiji kidogo, mpakani kabisa na Uhispania, na ndio mwisho wa safari ya meli, kama kilomita 210 kutoka baharini. Meli kubwa zimeweza kufika hapa tangu 1990 tu.

Jumatano: Castelo Rodrigo

Basi lilipanda kona na kona mpaka kijiji cha mawe juu ya mlima. Baridi, upepo, paka. Katikati kuna magofu ya kasri la Cristóvão de Moura, Mreno aliyemsaidia Mfalme Philip wa Uhispania kuchukua taji la Ureno mwaka 1580. Wareno walipojikomboa 1640 wanakijiji wakalichoma, na hawakulijenga tena. Mimi nikaunganisha: Philip huyo huyo ndio alikua mfalme wa Ureno wakati Fort Jesus inajengwa. Nikamwambia Mama. Akazunguka lile gofu lote na fimbo yake, taratibu, anachungulia kila tundu la mlango, mwisho akasema la kwetu liko imara zaidi, na akataka apigwe picha hapo.

Mama mmoja anauza lozi zake mlangoni, za sukari, za chumvi, za mdalasini, mfuko yuro nne. Aliona Mama anatetemeka akatoa kiti chake akamkalisha ndani karibu na hita, akaendelea kuuza amesimama. Tulinunua mifuko mitano, ingekua aibu vinginevyo.

Mchana meli ikageuka, tukaanza kurudi. Hakuna cha kuandika, nililala.

Alhamisi: Pinhão

Ratiba ilikua kuonja mvinyo shambani. Hapa niseme wazi: ukiwa hunywi, karibu meli zote unalipia mvinyo wa mezani ndani ya bei ujue usijue, nilijaribu kuomba punguzo nikachekewa kwa adabu. Lakini mashambani ulizeni mafuta ya zeituni. Wengi wana mizeituni pembeni ya mizabibu na tuliwekewa mafuta ya aina tatu na mkate, bure, wakati wengine wanaonja vyao. Tukaonyeshwa pia yale mabirika ya mawe wanamokanyagia zabibu kwa miguu, na jinsi wanavyotia pombe kali kuuzuia mvinyo usiendelee kuchacha ndo sukari ibaki. Mama alisikiliza kwa makini sana kwa mtu asiyetaka kujua.

Tukabaki na masaa mawili huru. Stesheni ya Pinhão ina michoro 24 ya vigae ya mwaka 1937, wavunaji, mashua, mto kabla ya mabwawa, nendeni hata kama mna dakika kumi. Nje alikua mzee mmoja na gari lake la teksi. Nilijaribu Kiingereza, akanijibu kwa Kijerumani safi, kumbe alifanya kazi kiwandani karibu na Stuttgart miaka mingi. Yuro kumi na tano kutupeleka juu Casal de Loivos, kuna kibaraza cha kuangalia mto wote unavyopinda chini, atungoje, aturudishe.

Njiani alikua anaangalia leso ya Mama kwenye kioo. Mwisho akauliza zimetoka wapi. Nikasema Mombasa, Kenya. Akasema wanawake wa Porto Amélia walikua wanavaa kama hizi. Porto Amélia sasa ni Pemba, ya Msumbiji sio yetu ya huku. Alikua askari, akapelekwa Mueda kaskazini kabisa, 1972, vita vya ukoloni.

Mama akasema kwa Kiswahili, "Muulize kama aliua mtu."

Sikuuliza. Nikasema, "Mama."

Akanyamaza kona mbili tatu. Alafu, "Basi muulize mamake alikua hai anapoondoka." Hilo nikatafsiri. Akasema ndio, mamake alimsindikiza mpaka stesheni ile ile tuliyotoka, na alisimama upande wa saa, na yeye aliogopa kumwangalia. Alirudi, mamake alikua bado yupo, lakini kaka yake mdogo alikua ameshatorokea Ufaransa asichukuliwe jeshini, na mama yule alikaa miaka bila kuwaona wote wawili kwenye meza moja.

Juu kule upepo ulikua mkali. Mama akatoa mabuyu kwenye mkoba, mekundu yale ya Mombasa, akampa kiganja kizima. Alikula kama anayejua, anamumunya, anatema kokwa kwenye ngumi. Alipoturudisha chini alichukua zile kumi na tano na si zaidi, na akashuka yeye mwenyewe kumfungulia Mama mlango.

Ijumaa na Jumamosi: kurudi

Siku nzima ya kushuka mto, Carrapatelo tena, safari hii unashuka, maji yanakimbia chini yako na ukuta unarefuka juu. Mama alikua ameshakua mtaalamu, anawaelekeza Wajerumani kwa mikono pahali pa kukaa. Jioni Porto, mvua.

Asubuhi kabla ya kushuka wanaleta bahasha ya bakshishi. Kila meli ina mapendekezo yake, mara nyingi yuro tano mpaka kumi kila mtu kwa siku, si lazima. Bahasha hugawanywa kwa wote, kwa hivo kama mna mtu wenu mahsusi mpeni mkononi. Sisi tulitia sitini kwenye bahasha, na kwa yule kijana wa jikoni Mama alitoa ishirini zake mwenyewe na ile chupa ya achari, iliyobaki nusu, ambayo kwenye mkoba wa mkono wa ndege isingepita maana imezidi mililita mia.

Hesabu kwa watu wawili: meli 2,300, ndege 310 na sanduku moja, chumba cha Porto 78, teksi na metro na vitu vidogo kama 140, bakshishi 80. Ni pesa nyingi, siwezi kuwaambia ni rahisi. Kama hamna hizo, treni ya Porto mpaka Pocinho inafuata mto huu huu sehemu kubwa ya njia, ni kama yuro kumi na tano, waliotimiza miaka 65 wanalipa nusu wakionyesha pasipoti, kaeni upande wa kulia mkienda. Alafu Pinhão mnachukua mashua ya saa moja. Lifti ya Carrapatelo mtaikosa, na ngazi za vituo mtazipanda wenyewe, ila wenye magoti mazima hio ndio ningewaambia wafanye.

Na kwa mlioniuliza kuhusu viza: yake ilitolewa na Ujerumani kwa sababu huko ndio alikua anakuja kukaa, na inaingia Ureno bila kuomba ingine mradi siku hazijaisha. Bebeni bima ya safari iliyochapishwa na barua ya mwenyeji. Uwanjani Hamburg hatukuulizwa, lakini wakati wa kurudi Mama aliulizwa vyote viwili, na alikua navyo kwenye mkoba chini ya lozi.